Kofia Saba za Shamte wa Kikole

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema mapema, mtu asije akadhani naandika haya kwa sababu nimeduwaa. Nimeshona kofia Kilwa Masoko tangu nina miaka kumi na saba, na mwaka huu, nikiwa nimeipita hamsini kidogo, nimeweka sindano chini. Katika miaka yote hiyo nimegusa vichwa vya masheikh, vya madiwani, vya wavuvi wa Songo Mnara vilivyokauka chumvi, na vya mabwana harusi vinavyotoka jasho kabla ya kuulizwa swali. Wenzangu wana shahada. Mimi nina vichwa. Shule niliishia darasa la nne, na wale walionipita darasani leo wanakuja kwangu kuvalishwa.

Vijana niliowaachia duka mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi. Mmefanya la maana, kwa sababu mkiendelea kujifunza kwenye simu mtaishia kushona vifuniko vya mitungi. Sitawaeleza jinsi nilivyopanda kutoka kibarua hadi mwenye duka. Nyumba yangu mnaiona, ina bati la rangi, inajieleza yenyewe. Nitawaeleza sindano, futi, na kichwa kimoja cha Kikole.

Nilishuka huku pwani kutoka juu kwetu, uwanda wa Wamakonde, kubeba magunia ya korosho. Nilibeba mpaka bega likakataa. Nyumba ya jirani alikuwepo Bi Mayasa, mama mtu mzima aliyeshona kofia barazani, na siku moja akaniambia kama nimekuja kumwangalia tu basi nishike sindano niangalie kwa faida. Akanipa kipande cha bafta nitoboe tundu moja na kulizungushia uzi. Tundu moja. Nilifanya kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Akaligeuzageuza, akauliza kama panya alipita.

Kwa wasiojua, kofia ya mkono ni vipande viwili: kifuniko cha juu, na ukuta unaozunguka kichwa. Vitundu vinatobolewa kimoja kimoja, kila kimoja kinafungwa kwa uzi, na hivyo ndivyo vinavyoleta nakshi na kupitisha hewa. Kofia nzuri inakula miezi. Ikiisha inafuliwa, inatiwa wanga, inavalishwa kichwa cha mti mpaka ikauke na kusimama. Vichwa vya mti nilichongewa na seremala wa vitanda, wa kila namba, na nilivipanga rafu ya juu. Wateja wengi wamewahi kuniambia vile vichwa vinasikiliza vizuri kuliko mimi. Hawakukosea, vile havina wateja wengine wa kuhudumia.

Bi Mayasa alikuwa na sheria moja: pima. Kila mtu, kila mara, futi kichwani, juu ya masikio. "Pima hata kama ni kichwa cha mumeo," alikuwa akisema. Mimi ni mwanamume, sina mume, kwa hiyo niliona sheria hainihusu. Alipofariki, Mungu amrehemu, futi yake niliitundika ukutani kwa heshima, na nikaiacha hukohuko kwa heshima zaidi.

Badala yake nilitengeneza utaratibu wangu, ambao haupo kwenye kitabu chochote. Nilimwangalia mtu akiingia mlangoni, nikamjua. Mtoto anayefika kiunoni kwangu, namba hamsini. Anayefika kifuani, hamsini na tatu. Anayenitazama usoni, hamsini na sita na kiti cha kukalia. Nilikuwa natamka namba kabla mteja hajamaliza salamu, na watu walikuwa wanaleta wageni waje kuona. Kwa miaka mingi utaratibu huu haukukosea. Au ulikosea na watu wakaona aibu kurudi, ambalo kibiashara ni jambo lilelile.

Sasa, msimu wetu mkubwa ni jando. Vijana wa rika moja wanaingizwa kumbini pamoja wakati wa likizo, wanafundwa, na siku ya kutoka kila mmoja anatoka na kanzu mpya na kofia. Walioingia pamoja ni wenzi mpaka kaburini, na aliyetangulia kuingia ni mkubwa kwa aliyefuata, hata kama aliyefuata ni kaka yake wa tumbo moja. Anayeamua nani aingie ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Na mjomba haangalii tarehe ya kuzaliwa. Anaangalia mwili.

Miaka kumi iliyopita alikuja dukani mama mmoja wa Kikole, mkulima wa ufuta, watu wanamwita Mama Shamte. Alikuja na nyuzi mbili za kupimia, kila mmoja umefungwa fundo mahali kichwa kinapoishia, na mtoto anayefika kiunoni kwangu. Nyuzi zilikuwa za wanawe wawili wanaotarajiwa kuingia kumbini mwaka huo: Hamisi, aliyekuwa shuleni siku hiyo, na Shamte, ambaye ni mkubwa. Nikamuuliza huyo Shamte yuko wapi. Akanionyesha kiunoni.

Nilikuwa na kashata mezani. Nikachukua moja, nikainama, nikakauliza katoto kama kanataka tamu.

"Shikamoo," akaniambia. "Niko darasa la sita. Kashata nipe, lakini usiinamie, utaumia mgongo."

Nilicheka kama mtu anayecheka kasuku. Uso ulikuwa wa mtoto mdogo: kipaji kikubwa, pua imelala, kidevu hakipo, meno madogo ya maziwa mbele. Mama yake akasema ana miaka kumi na mitatu. Nikamjibu kwa adabu kwamba mama wote wanapenda watoto wao. Nilipolinganisha nyuzi zake mbili nikakuta zinakaribia kulingana, na wa Shamte umeupita wa Hamisi kidogo. Nikajua moja kwa moja kwamba mama wa watu kachanganya, kapima kichwa kimoja mara mbili. Sikumsumbua. Alipoondoka nyuzi nikazitupa, nikamshonea Hamisi ya hamsini na tatu kwa sababu mama alisema anafika kifuani, na yule wa kiunoni nikamshonea hamsini.

Kuja kuchukua, walikuja wote: mama, vijana wawili, na Mjomba Mkwanda. Huyu ni mzee wa mikorosho, mtu wa maneno machache na yote ya kukataa. Nilielewa mambo mawili kwa kuwasikiliza tu. La kwanza, mjomba alikuwa ameshamrudisha Shamte misimu kadhaa, kila mara akisema hajaiva. La pili, safari hii zamu ya Hamisi ilikuwa imefika, na akiingia yeye Shamte akabaki, mdogo mtu angekuwa mkubwa wa kaka yake maisha yote, kwenye vikao, kwenye misiba, kwenye mirathi. Mama alikuwa ameagiza kofia mbili kusudi, akitumaini kaka yake ataona haya kuiacha moja imekaa bure. Alikuwa hamjui kaka yake.

"Dada, kofia hainenepeshi mtu," mjomba alisema. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya wateja waliojaa benchi. "Fundi, wewe ndiye mtaalamu wa vichwa. Huyu ana kichwa cha miaka mingapi?"

Ndugu zangu, mtu akikuita mtaalamu mbele ya benchi zima, tahadhari. Nilikunja mikono, nikamzunguka Shamte mara moja kama ng'ombe wa mnada, nikasema saba. Mtu mmoja kwenye benchi akasema nane. Nikamwambia akafungue duka lake.

Mama Shamte hakubishana. Alichukua kofia ya hamsini mezani na kumvalisha mwanawe. Ikakaa utosini. Akaibonyeza, ikarudi juu. Shamte alisimama nayo vile, ametulia, kama mtu aliyewekewa kikombe kichwani akaambiwa asimwage.

"Kichwa cha miaka saba mbona kimekataa kofia ya miaka saba?" mama akauliza. Kisha akaichukua ile ya Hamisi, hamsini na tatu, akamvalisha Shamte. Ikashuka ikakaa, imebana kidogo masikioni.

"Fundi," Shamte akasema, "ile ya kwanza ni ya mdogo wetu wa mwisho? Maana naye ana miaka miwili, itamtosha mwakani."

Benchi lilicheka. Sikucheka, nilikuwa kazini. Mtu wa kawaida angekubali hapo, akashusha futi ukutani, yakaisha. Lakini nina jina. Nikasema kwa sauti ya kitabibu kwamba kichwa kikubwa kwenye mwili mdogo ni maji, kwamba mtoto kama huyo ameshamaliza kukua, na kwamba hata wakienda hospitali wataambiwa hivyohivyo. Na kwa kuwa bado walikuwa wanacheka, nikaongeza ambalo hakuna aliyeniomba: hospitali wakisema ana miaka kumi na mitatu na bado atakua, nitamshonea kofia bure, za mkono, za vitundu, mpaka siku atakapoacha kukua.

"Mashahidi mmesikia," Mjomba Mkwanda alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu. "Na mimi nasema, wakisema atakua, ataingia na mwenzake. Wakisema basi, basi."

Kwa hiyo kichwa cha yule mtoto kikawa na kesi mbili.

Tulikwenda Lindi watatu, mama, Shamte na mimi, maana sikuwa tayari kuhukumiwa nisipokuwepo. Mjomba alibaki na mikorosho yake; alisema yeye anasubiri jibu, haendi kusikiliza maelezo. Daktari alikuwa binti mdogo ambaye ningemshonea hamsini na tano kama wanawake wangevaa. Aliniuliza mimi ni nani wa mtoto. Nikamwambia ni mtaalamu wa vichwa. Akaandika sijui nini.

Kitu cha kwanza alichofanya, akatoa futi. Alizungusha kichwa juu ya masikio, palepale pa Bi Mayasa, akasoma: hamsini na tatu na nusu. Mama Shamte alinitazama. Nikatazama feni.

Kisha akampima urefu, akamchungulia meno, akampapasa shingo, akampeleka kupigwa picha ya mkono. Picha aliiweka kwenye taa akatuonyesha vifupa vya kiganja. Alisema vifupa hivyo kwa mtoto wa miaka kumi na mitatu vingekuwa vimeshajaa na kukaribiana, na hivi vimekaa mbalimbali, ni vya mtoto wa miaka saba.

Saba. Nilisema saba mbele ya benchi zima. Nikamwomba daktari arudie ili mama asikie vizuri. Akarudia, ila akaongeza kwamba hiyo ni mifupa ya mkono, sio kichwa wala akili. Kwa mkono, basi, nilikuwa sahihi kabisa. Kosa langu ni kwamba sishoni glavu.

Nikamuuliza maji. Akasema hakuna maji. Nikamuuliza mbona kichwa kikubwa. Hapo alivuta kiti, na haya aliyosema myasikilize, kwa sababu ni kazi yenu.

"Baba, kichwa chake sio kikubwa. Ni kichwa cha rika lake. Ubongo unakua mapema kuliko vyote, na fuvu la juu linaufuata. Uso haufuati ubongo, unafuata mwili. Mwili ukichelewa, pua inachelewa, meno yanachelewa, na taya la chini ndilo la mwisho kabisa. Ndiyo maana mnamwona ana kipaji cha mtu mzima na kidevu cha mtoto mchanga. Nyinyi mnaangalia kidevu na kimo, mnamsemesha kitoto."

"Wananipa kashata," Shamte akasema.

"Na wewe unafanyaje?"

"Nakula."

Damu ilichukuliwa, ikapelekwa Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, daktari alimpigia mama simu: ni tezi ya shingoni, ile inayotoa amri ya mwili kukua, ilikuwa imelala miaka yote. Dawa ni kidonge, kila asubuhi kabla ya kula, maisha yake yote. Mama akauliza swali moja tu, lile la kaka yake. Daktari akasema atakua. Hawezi kuahidi ni kiasi gani, maana wamechelewa, lakini atakua. Tena akaeleza, kama habari njema, kwamba kwa kuwa mifupa iko nyuma, nafasi ya kukua anayo nyingi, na wenzake watakapokuwa wameacha yeye atakuwa bado anaendelea.

Mama alilia dukani kwangu. Mimi pia nilikuwa karibu kulia, kwa sababu zangu.

Mjomba Mkwanda aliletewa jibu shambani. Wanasema aliuliza kama daktari ni mtu mzima, akaambiwa ni binti, akasema haidhuru. Mtu wa neno lake. Shamte akaingia kumbini msimu uleule, na akatangulizwa mbele ya Hamisi kama anavyostahili mkubwa. Siku ya kutoka ilibidi nipate kofia mpya, kwa sababu ile iliyobana hata mimi nisingeitia jina langu, na ya mkono haishonwi kwa majuma mawili. Bahati kuna diwani ana kichwa kidogo kuliko cheo chake. Kofia yake ya hamsini na nne ilikuwa tayari rafuni. Diwani akangoja, na sikumwambia anamngoja nani. Hiyo ndiyo ya kwanza.

Kuanzia hapo nilipiga hesabu yangu vizuri. Daktari mwenyewe kasema kichwa kinatangulia. Kama kimetangulia, kimeshafika. Mwili na ukue utakavyo, kanzu sio kazi yangu. Mwaka uliofuata Shamte alikuja, amepanda kweli, amefika mbavuni. Nikashusha futi ukutani, nikampima mbele ya mashahidi: kimeongezeka kiasi cha unene wa kalamu. Nikamwambia kofia ya diwani inamtosha bado, nenda salama, msalimie mjomba. Hakubisha. Alisema asante, akaondoka.

Ijumaa iliyofuata nilimwona akitoka msikitini. Wallahi, nilisimama barabarani. Kofia ilikuwa inamtosha kichwani bila shaka yoyote, lakini chini yake palikuwa na uso mwingine. Pua ilikuwa imesimama. Meno ya mbele yalikuwa ya mtu mzima. Kidevu kilikuwa kimeanza kuonekana. Uso ulikuwa umerefuka, na ukuta wa kofia uliokaa vizuri juu ya ule uso mfupi sasa ulionekana kama kizibo cha soda. Nyuma yangu mtu akamuuliza mwenzake kile kikofia kashona nani. Mwenzake akanitaja, jina na ukoo.

Hili ndilo somo kubwa nililonalo, na sikufundishwa na mtu: mzunguko unafuata fuvu, ukuta unafuata uso. Miaka yote nilipima juu ya masikio, tena kwa macho, sikuwahi kuangalia chini ya masikio. Nilimwita Shamte dukani Jumamosi. Nikamshonea nyingine, ukuta umeongezwa nusu kidole. Mwaka uliofuata taya likashuka tena. Nikaongeza. Uso wa yule kijana ulikuwa unashuka kama pazia, na mimi nikiufuata kwa sindano. Rafiki zangu wakaniambia niache, ahadi ilikuwa ya kukua kichwa. Sikusema kichwa, nilisema kukua, na hata ningesema kichwa, nani angetembea Kilwa nzima na kizibo chenye jina langu?

Hamisi aliacha kurefuka, akaota ndevu, akaanza kuendesha bodaboda. Shamte bado. Wenzake wa kumbini wakaoa. Shamte bado. Kila akiingia mlangoni nilitazama kidevu kwanza, na kila mara kilikuwa kimenitangulia. Mjomba Mkwanda alikuwa akipita tu dukani, hanunui kitu, anauliza kama Shamte ameshaacha, anaambiwa bado, anaondoka amefurahi.

Mwaka jana Shamte alikuja na habari kwamba anaoa, binti wa Tingi. Sasa ni fundi simu, ana kibanda chake karibu na stendi. Ananifika puani, na mimi sio mfupi. Nikashusha futi. Mzunguko, vilevile. Nikapima uso, kuanzia kipaji mpaka kidevu, kama ninavyowataka nyinyi mpime: vilevile kama mwaka wa nyuma yake. Nikarudia mara mbili. Nikamwambia ameacha kukua, alhamdulillahi, tumeachana salama, kofia ya harusi atalipa kama watu wengine.

Akakubali palepale, akatoa simu anitumie pesa. Kisha akasema, taratibu tu, kwamba tangu mara ya mwisho viatu vimembana, ila hiyo haihesabiki, mimi sishoni viatu.

Nilimwambia arudishe simu mfukoni. Mtu hawezi kuongoza jahazi la ahadi miaka kumi akashindwa kwenye kidole cha mguu. Nilimshonea ya saba, nakshi zote, uzi mweupe juu ya bafta nyeupe, ambayo ndiyo ngumu kuliko zote kwa sababu jicho halina pa kushika. Katikati ya kazi vitundu vikaanza kuwa viwili viwili, nikaenda kununua miwani, nikaimaliza, na baada ya hiyo sikushona nyingine. Alioa nayo. Ilimkaa. Watu waliniambia mimi ndiye niliyependeza, ingawa aliyevaa ni yeye.

Kwa hiyo vijana, futi iko ukutani, ishusheni. Na kwa anayetaka kujua kusema "saba" mbele ya benchi kunagharimu kiasi gani: bafta, uzi na wanga wa kofia saba, nauli ya Lindi kwenda na kurudi, punguzo nililompa diwani asinune, na ile miwani, jumla ni shilingi laki sita, themanini na saba elfu na mia tano.